Shangazi Amekuwa Misumari

Honi alikuwa ameshajaza upepo mashavuni, tayari kumwigiza Shangazi mbele ya simu, mara jenereta la jirani likawaka.

"Zima!" Honi alimfokea mkewe aliyeshika simu.

"Nizime jenereta la watu?"

"Zima simu, mama. Tumeharibikiwa tena."

Shangazi hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa kichwa cha treni ya mizigo, cha dizeli, ambacho Honi alikiendesha mpaka akastaafu. Madereva walimpa jina hilo kwa sababu kila alikokwenda alifika na mizigo, na hakuwahi kuingia mahali kimyakimya. Alipoondolewa relini, Honi aliambiwa ameyeyushwa, akawa misumari. Tangu siku hiyo mzee hakuweza kugongomea msumari bila kuutazama kwanza kwa huruma.

Na misumari aliigongomea mingi, maana sebule nzima ilikuwa picha alizozipiga mwenyewe. Shangazi darajani. Shangazi kwenye mvua. Shangazi na mabehewa ya saruji yaliyopotelea kwenye kona. Picha ya harusi ilikuwepo pia, nyuma ya mlango.

Mkewe alikuwa na picha moja tu aliyojali. Ilimwonyesha Honi kijana, mafuta mpaka puani, akicheka kando ya injini. Mfuniko wa ubavuni ulikuwa umepasuka porini, naye akaziba tundu kwa sinia la chuma alilofungiwa chakula.

"Sinia la mama yangu," mkewe aliwaambia wageni wote. "La maua ya kuchongwa. Alisema analirudisha Jumatatu."

"Mfuniko mpya uliagizwa," Honi alijitetea.

Uliagizwa kweli, na mpaka anastaafu ulikuwa bado njiani.

Sasa kumbukumbu zilianza kumponyoka, naye alitaka jambo moja tu: airekodi sauti ya Shangazi kwa mdomo wake kabla hajaisahau, wajukuu waje waisikie. Wenzake wa kundi la wapenda treni kwenye simu walikuwa wanaisubiri kwa hamu. Huko yeye ndiye alikuwa hakimu. Mtu akituma mlio wa injini, Honi anatoa hukumu.

"Nifungeni macho, nizibeni na sikio moja," alijigamba. "Shangazi nitamjua. Anasafisha koo mara mbili, kama mtu mwenye adabu anayetaka kuongea. Kisha ananguruma taratibu, vikombe vinacheza kabatini."

Jenereta la kiwanda cha unga, ng'ambo ya ukuta, halikuwa na adabu hata chembe. Asubuhi lilikohoa kama mvuta sigara, kisha likatikisa nyumba mpaka picha zikakaa upande.

"Lakini tangu tuhamie hapa unalala kama mtoto mchanga," mkewe alisema huku akizinyoosha. "Kule kwa kijana wetu, kwenye utulivu wote ule, ulikuwa unakesha."

"Silali, nazimia. Ni moshi."

Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, mfuko wa unga kwapani.

"Mzee wangu, njoo basi ulione. Ni la kizamani, lakini umeme ukikatika ndilo linalotulisha. Likitolewa pale hakuna wa kulinunua. Litakatwakatwa liuzwe chuma chakavu."

"Likatwe," alisema Honi. "Sina mazoea ya kumtembelea adui."

Unga aliupokea.

Basi akapeleka malalamiko, na bwana afya akaja kupima kelele. Siku hiyo jenereta lilikuwa limezimwa. Honi hakutaka mgeni aondoke mikono mitupu, akamtembeza ukuta mzima, picha baada ya picha, akimwigizia Shangazi akipanda mlima, akishuka mlima, akipiga honi kwenye kivuko. Bwana afya aliandika kwamba kelele za eneo lile hazivumiliki, akasaini, akakimbilia pikipiki yake.

Amri ya kuliondoa ilitoka upesi kuliko mfuniko.

Asubuhi ya ushindi, Honi alivaa kofia yake ya kazi, akachukua kamera iliyompiga Shangazi picha zote zile, akapanda juu ya kiti ukutani. Alitaka kuwaonyesha wenzake wa kundi jinsi adui anavyozikwa. Mafundi walikuwa wameezua paa la banda na kuanza kukata kwa moto wa gesi. Nusu ya injini ya jenereta ilikuwa tayari kwenye lori, vipandevipande. Nusu nyingine ilikuwa inaning'inia kwenye kreni, nyeusi kwa masizi.

"Usiku wa leo nitarekodi kwa raha zangu," alimwambia mkewe, aliyekuwa amekuja kumshikia kiti.

"Na usingizi?"

"Nitalala kama mfalme." Akaweka jicho kwenye kamera. Hakuridhika. "Ninyi mafundi! Mnanipa mgongo! Geuzeni huo ubavu mwingine, jua liko huku!"

Mafundi walicheka, wakavuta kamba. Injini ikazunguka polepole hewani, ubavu wake ukaingia juani. Honi akabonyeza.

Mkewe alikiachia kiti.

"Mzee," alisema, "lile si sinia la mama?"