Bilan ya Bonane Nyumbani kwa Delphin

Delphin alibandika karatasi kubwa ya ofisini juu ya picha ya harusi yake, akasimama mbele yake na kalamu nene, akamuuliza mke wake kuku walikokwenda.

"Papa Élodie, si bale bageni bako ba ku kazi njo balibakula?" Georgette akajibu.

Delphin akaandika: *mauvaise gestion*, usimamizi mbaya. Akaendelea.

Kila Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, baada ya chakula, hakuna aliyeinuka mezani katika nyumba hiyo ya mtaa wa Nguba mpaka bilan, tathmini ya mwaka, iishe. Delphin alifanya kazi kwenye shirika moja la misaada, na aliamini kwamba familia isiyo na objectif ni kundi la watu wanaoongoja sahani tu. Mwaka uliopita alimpa kila mtu lengo lake na vipimo vyake. Leo ilikuwa siku ya hukumu.

Binti yao Élodie aliahidi asilimia sabini katika hesabu, akaleta hamsini.

"Mwalimu aligonjwa trimestre nzima, papa."

"Objectif haiko na magonjwa." Akachora msalaba mwekundu.

Lengo lake mwenyewe lilikuwa kupunguza tumbo. Alilipita haraka, mkono mmoja ukifunika vifungo vya shati, akaandika: *en cours*, bado linaendelea.

Baba yake peke yake, Muzee Zagabe, hakuwa na lengo. Tangu mzee afiwe na mke, Delphin alimweka katika kundi la wasiojiweza, wale wanaopewa supu na hawaulizwi kitu. Sasa alikuwa kwenye kona, kofia imemfunika macho.

Akabaki Agathe.

Agathe alikuwa binamu wa Georgette, mshonaji wa miaka arobaini, mpole hata mtu akasahau kama yumo chumbani. Alitoka Walungu kuja kusalimia, na salamu zilikuwa zimechukua miaka mitatu. Lengo lake lilitungwa na Delphin mwenyewe: apate mume, ahame. Asipompata mpaka Bonane, atarudishwa Walungu, ambako hakubakiwa na ndugu wala mlango wa kubisha. Ndiyo maana vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

"Agathe, tuambie. Mwanaume iko, ao haiko?"

"Iko, shemeji."

Georgette akainama kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Delphin akatabasamu. Alishamjua mtu huyo: Chrispin, seremala mwenye mvi wa pale chini, aliyemsalimia Agathe mara mbili mbili kila alipopita. Lakini bilan ni bilan, hairukwi.

"Jina linakuja nyuma. Tuanze na vipimo. Iko na nyumba yake, ao anapanga?"

"Iko na yake. Ya matofali."

"Wapi?"

"Hapa tu, Nguba."

Kumbe Chrispin alikuwa akijificha nyuma ya mbao zake. Delphin akaandika kwa heshima kidogo.

"Anasali?"

"Sana. Asubuhi anaamusha nyumba nzima."

"Bibi wa ndoa?"

"Hana."

"Batoto?"

Hapo Agathe akasita. "Moja. Mukubwa. Bado anakaa kwa baba yake, pamoja na bibi yake."

"Mwanaume muzima, na bibi juu yake, bado anakaa kwa baba?" Delphin akacheka mpaka tumbo likatoka mafichoni. "Anakusumbua?"

"Anapenda kuamuru bantu."

"Bale ba hivyo nabajua. Hana kitu, ila mudomo. Sikiliza, Agathe, iyi njo kazi yangu. Mutu kama ule unamupatia délai. Kufika Pasaka atoke, akapange kwake. Kama baba yake anaogopa kumwambia, mimi nitamwambia."

"Utamwambia kweli, shemeji?"

"Mbele ya kila mutu."

Akaandika kwa herufi kubwa, akizisoma kwa sauti: mtoto mkubwa aondoke kabla ya Pasaka. Akapiga mstari chini yake. Kisha akakumbuka jambo.

"Na asikuite Agathe. Heshima inaanzia pale. Akuite maman."

Akachora alama ya kijani, ya kwanza siku hiyo, akatangaza uamuzi: objectif imefikiwa, familia imekubali, na atakayeleta maneno baadaye ataonekana adui wa maendeleo. Akaomba makofi. Wakapiga, Élodie kwa nguvu kupita wote, maana alikuwa amekaza midomo asicheke.

"Sasa," Delphin akasema, kalamu tayari, "jina."

Agathe aliinamisha kichwa. Kule kwenye kona Muzee Zagabe alivua kofia, akaja polepole mpaka mezani, akasimama nyuma ya kiti cha Agathe na kumwekea mkono begani.

"Delphin," akasema, "salimia maman yako. Kisha uanze kufunga vyombo. Pasaka haiko mbali."