Sharti la Jumatano

Shaweji aliyageuza maombi ya walimu kumi na tisa kuwa masharti, moja baada ya jingine, kisha akaiachia programu yake itafute ratiba inayoyatimiza yote. Ilihangaika dakika nzima, ikajibu: hakuna.

"Futa moja," alisema Mwalimu Mkuu, aliyesimama nyuma ya kiti chake.

Shaweji alijaribu kufuta kila sharti kwa zamu. Mawili tu ndiyo yaliyofungua njia. Moja lilisema Mwalimu Mkuu asipangiwe kipindi kabla ya saa nne. La pili lilisema Mwalimu Mwatime asifundishe Jumatano, kwa sababu siku hiyo humpeleka mwanawe hospitali kusafishwa damu.

"Chagua wewe, mzee," Shaweji alisema, akitumaini ataona haya.

Mwalimu Mkuu aligusa kioo kwa kidole, kwenye mstari wa pili. Ratiba ikatoka papo hapo, safi, haina kosa hata moja.

"Kumbe kijana kazi unaijua!"

Asubuhi Mwatime alimkuta Shaweji akiibandika ratiba ukutani. Akaisoma mara mbili.

"Niliomba Jumatano, mwanangu. Mashine imekataa?"

Shaweji alikuwa bado ameshika gundi. "Imekataa, mama."

"Basi. Afadhali mashine, haina upendeleo." Akamgusa bega. "Ahsante kwa kujaribu."

Akafungua daftari ili anakili vipindi vyake vya Jumatano. Kalamu ikagoma kutoa wino, naye akawa anaikandamiza tu kwenye karatasi.

Shaweji akampa yake.