Mume Aliyejificha Nyuma ya Nguzo

Katika filamu ya zamani ya Kihindi, mume alijifanya amekufa maji ili mkewe aolewe na mchumba wake wa kwanza. Sasa amejificha nyuma ya nguzo, anatazama harusi yao na kulia.

Mke wangu alikuwa akimenya maharage mabichi mbele ya runinga, kidole gumba kikipasua ganda baada ya ganda. Kabla yangu alichumbiwa na Polikarpi wa Kituntu, mwenye ng'ombe wengi. Miaka arobaini nimeamini kwamba Polikarpi alimwacha, ndipo nami nikampata.

Nikauliza bila kumtazama, "Hivi, Polikarpi asingekuacha, ungenikubali?"

Kidole kikasimama.

"Nani kakwambia aliniacha? Mimi ndiye niliyemwomba baba arudishe ng'ombe wake wa mahari, wote wanane."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa umeanza kupita kwetu na daftari lako la kisomo cha ngumbaro, ukitusomea barua za kaka kutoka Bukoba. Hukuwa na hata ndama!"

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ungevimba kichwa, mzee. Hebu sogea, unanizibia harusi."

Nikasogea upande wake.