Ushauri wa Mchana

Kila jioni sisi washauri nasaha hupita chini ya taa ya mlangoni, nayo hufuta akilini mwetu yote tuliyoyasikia kwa wateja na yote tuliyowaambia. Ndiyo sheria: siri ya mtu isitoke ofisini. Niliichagua kazi hii na kujivunia, maana mama yangu alikufa na maneno yake kifuani, hana wa kumsikiliza.

Leo nimerudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Siwema, anapanga khanga zake sandukuni.

"Safari ya wapi?"

"Kwetu. Sirudi."

"Bila kuniambia?"

"Nimekwambia, Bwana Mshauri. Mchana nilipanga foleni na wateja wako. Hapa nyumbani hujapata hata siku moja kuniuliza nina nini. Kule ukanisikiliza mpaka nikamaliza. Hata kitambaa cha machozi ukanipa."

"Na huu upuuzi wa kuondoka kakufundisha nani?"

Akanitazama kwa huruma.

"Wewe."

Nikamsihi anieleze upya. Akasema hawezi kulilia jambo moja mara mbili.

Nikambebea sanduku mpaka barabarani. Kosa langu silijui. Ninachojua ni kwamba tangu nianze kazi hii, sijampotosha mtu.