Kipochi cha Mama Mkwe

Liezel alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, uso mtupu, bila hata chembe ya poda, mama mkwe wake alipoingia na kumrudisha ndani.

"Kesho ni sikukuu ya mtakatifu wetu San Roque, na wewe utatembea kwenye maandamano," alisema Aling Perpetua. "Lete kipochi chako cha vipodozi, tutupe vilivyooza."

Liezel alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Ofisi ya mtaa ingefungwa saa sita kwa ajili ya sikukuu, na isingefunguliwa tena hadi wiki ijayo. Kufikia hapo jicho lake lingekuwa limepona, na madai yake yangebaki maneno matupu.

Kosa hilo alishalifanya mara moja, mwezi wa Mei. Mji ule mwanamke haendi ofisini bila poda na rangi ya mdomo, hata kama nyumba yake inaungua. Liezel alijipaka kama desturi, akaketi mbele ya dawati la wanawake, akaeleza yote. Mama wa dawati akamtazama, akaandika "hakuna alama", akamshauri awe mvumilivu. Siku ile Liezel aliapa kwamba akirudi pale, atarudi na uso alioachiwa na mumewe, Arnulfo.

Uso wenyewe ndio huu sasa. Jicho la kushoto limevimba, na chini yake kuna alama ya mraba ya ile pete nene ambayo Arnulfo haivui hata akioga. Alimpiga juzi kwa sababu ya samaki aliyeungua, kisha akabeba mto wake akaenda kulala kwa mama yake. Na leo mama ndiye huyu. Liezel hakuhitaji kuambiwa nani kamtuma.

Hata hivyo adabu ni adabu. Aliinama auchukue mkono wa mkwewe, auguse kwenye paji la uso wake kama anavyoamkiwa mkubwa. Aling Perpetua akampa wa kushoto. Wa kulia, alisema, umekamatwa na baridi yabisi tangu jana.

Wakaketi mezani. Aling Perpetua alikuwa na saluni sokoni miaka ishirini, na mtaa mzima ulimcheka kwa kupenda urembo: mjane wa miaka tisa, umri sitini na mbili, lakini hata mkate wa asubuhi huenda kuununua akiwa amejipaka kama bibi harusi. Kipochi chenyewe ni yeye aliyemzawadia Liezel siku ya ndoa. Akakimwaga chote juu ya gazeti.

Alifanya kazi bila haraka. Maskara imekauka, akaitupa kwenye mfuko wa taka. Rangi ya mdomo akainusa, ikanuka mafuta ya zamani, nayo ikaenda. Poda iliyovunjika, sponji yenye ukungu, wanja uliobaki kipande kama ukucha. Saa tano ikapita. Hasira ilimpanda Liezel.

"Mama, mimi nina safari."

"Najua unakokwenda."

"Basi niache niende."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Aling Perpetua bila kuinua macho.

Liezel alijua maneno hayo yanaelekea wapi. Arnulfo ni kitinda mimba, alidekezwa kama yai. Mama gani atakubali mwanawe aandikwe kwenye daftari la serikali, tena mkesha wa sikukuu, wageni wakiwa njiani?

Mezani vilibaki vikebe vitatu: krimu ya kijani, ya rangi ya chungwa, na ile nzito ya rangi ya ngozi. Hivyo havikupata nafasi ya kuoza. "Kijani ni ya siku ya kwanza, pakiwa pekundu," mkwewe alimfundisha mwezi wa pili wa ndoa, bila kuuliza lolote. "Chungwa, pakigeuka bluu. Hii nzito juu yake." Siku zote Liezel aliamini kwamba elimu ile mkwewe aliipata kwa vipigo vya marehemu mumewe, na hakuwahi kumsamehe kwa kuigawa kama mapishi.

"Nipe pamba," alisema Aling Perpetua. "Na mafuta ya nazi."

Mafuta ya nazi ndiyo ya kusafishia uso kabla ya kuupaka. Liezel alisukuma kiti nyuma, akasimama.

"Leo hunipaki, mama. Nitakwenda hivi hivi, hata ukinishika miguu."

Kwa miaka mitatu hakuwahi kumjibu mkwewe namna ile, akasubiri tusi au kilio. Aling Perpetua hakutoa lolote kati ya hayo. Alivifagia vile vikebe vitatu kwa kiganja, vikaangukia kwenye mfuko wa taka, akaufunga mfuko fundo. Kisha akainuka mwenyewe, akachukua pamba rafuni na chupa ya mafuta jikoni.

Akaichovya pamba, akaanza kujifuta shavu lake. Ikatoka poda. Ikatoka ile krimu nzito. Mwisho kabisa pamba ikarudi na kijani.

"Twende kwa miguu," alisema. "Watu watuone."

Chini ya jicho la yule mjane palikuwa na alama ya mraba ya pete, ingali nyekundu.