Bangili ya Kijani

Nasra alikuwa kwenye msuko wa nne, kichwa cha Shemsa kikiwa katikati ya magoti yake, aliposikia mtoto anavyopumua.

"Mbona hivyo, mwanangu?"

"Nahesabu, mama. Ndani nne, nje sita. Baba kanifundisha. Kasema bangili ikiwa nyekundu nitamtambua."

Nasra aliitazama bangili ya mahakama, inayopima mapigo ya moyo, mkononi mwa mwanawe. Kijani maana yake mtoto hana hofu. Nyekundu, ziara kwa baba inafutwa papo hapo. Maneno ya mtoto hayapokelewi tena. Kwa miaka miwili bangili ilikuwa kijani, naye akajilaumu kwa wasiwasi wake.

"Leo usihesabu, mwanangu. Iache iwake nyekundu."

"Siwezi. Inakuja yenyewe."

Nasra akapiga simu ofisi ya ziara. Mashine ikamjibu kwa adabu, "Mama Shemsa, mtoto yuko shwari."

Honi ya gari la baba ikalia nje. Akamfunga kitambaa upande ambao haujasukwa.

"Tutamalizia kesho, ukirudi."

Shemsa aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa akitoa pumzi, hesabu imefika tano.