Kiingereza cha Kampala

"Rudia," alisema Mama Elisabeth, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, bila kuinua macho.

"Impossible," akasema Rébecca.

Mchi ukasimama. "Hiyo iko Kifaransa! Weye unaenda kwa Waingereza, unawapelekea Kifaransa?"

"Lakini mama, mwalimu wetu alisema..."

"Mwalimu wenu alisomea wapi? Kwenye redio?"

Alielekeza mchi mlangoni. Ndani, ukutani, ilining'inia diploma yake ya Kampala, kando ya picha ya Alexis, kaka mkubwa wa Rébecca aliyekwenda mji wa Fataki kununua ng'ombe, akarudishwa amefunikwa turubai.

"Kiingereza hakina shida. Ukitaka neno ligeuke kinyume, tanguliza 'un', basi. Unpossible. Unregular. Uncorrect. Hizo 'im' na 'ir' zenu ni za Wafaransa. Sema!"

Rébecca alisema, akarudia, hadi sombe ikalainika. Kesho yake angefanya mtihani wa kazi kwenye shirika moja la misaada. Walitafuta mkalimani wa kufuatana na wageni Fataki na kukaa nao huko. Tangu amalize shule hakuwahi kuitwa popote.

Aliposhika simu ili ahakikishe maneno yake, mama akamnyang'anya.

"Simu ndiyo itajibu maswali kesho? Kichwa kama mtungi uliotoboka!"

Siku ya mtihani alirudi mapema, viatu mkononi, macho mekundu.

"Wamenicheka, mama. Yule muzungu alifunika mdomo na mukono. Wamechukua mwingine."

"Na gari ya Fataki?"

"Imeisha kuondoka."

"Bila weye?"

"Bila mimi."

Mama Elisabeth aliketi ghafla juu ya kinu kilichopinduliwa. Alijifunika uso kwa kitenge, kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni.

"Nilikuambia urudie vizuri," akasema alipoinuka. "Kichwa ngumu kama mbuzi! Ingia, ukule."

Jumatatu asubuhi, katika shule ya Rwambuzi, kwenye darasa la Kiingereza alilolifundisha Mama Elisabeth miaka yote, mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni "unpossible".

Mama Elisabeth alilifuta neno kwa kiganja. Akachukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa "IMPOSSIBLE", kisha akamgeukia mwanafunzi kwa dharau.

"Nani amekufundisha upuuzi huo?"